Waliogeuzwa Ukutani

Kijijini Kalivaki kila mtu alijua kwamba Thrasos ana miungu, kama ilivyojulikana kwamba mke wa mwenye mkahawa ana kisukari na kwamba paa la shule linavuja. Lilikuwa jambo lake. Hakuwahi kumhubiria mtu, wala hakuvaa shuka jeupe akapanda mlimani kuimba kama wale wa Athene wanaokuja na magari yao kila Juni na kutuachia chupa za plastiki. Yeye alikaa kwake akachonga. Sebuleni, kuanzia mlangoni hadi kwenye meko, walipangana ukutani wale wa kale wa Ugiriki, kila mmoja kwenye kibao chake: Herme na kofia yake ya safari, Athena na bundi, Demeta na masuke ya ngano, Zeu na ndevu zilizomla Thrasos majira mazima ya baridi, na wengineo. Hawakuwa wa kuuza. Mtalii mmoja Mjerumani aliwahi kumuuliza bei ya Athena, naye akaulizwa bei ya mama yake.

Ufundi wenyewe aliupata kanisani, na hapo ndipo wenzake walipopata pa kumtania. Tangu ujana alifanya kazi katika karakana ya mjini Tripoli, ile ya kwetu si ya Libya, iliyochonga zile kuta za mbao zinazosimama mbele ya madhabahu, zenye mizabibu, njiwa, na majoka mawili huku na huku ya msalaba. Kazi yake iliishia kwenye patasi. Mbao ikitoka mikononi mwake ilichukuliwa na wengine, ikapakwa gundi, ikabandikwa dhahabu, naye hakuiona tena. Karakana ilipofungwa alirudi kijijini na patasi zake kwenye mfuko wa turubai. Majira yale ya baridi, theluji imefunga barabara na hana la kufanya, akachukua kipande cha mti wa peasi akamchonga Herme. Kwa nini Herme, mungu wa njia? Marehemu baba yake alikuwa mchungaji wa mbuzi, na hakupita njia panda hata siku moja bila kutupa jiwe kwenye rundo lililokuwa hapo. Ukimuuliza jiwe la nani, alijibu kuwa hajui, ni la mwenye njia. Jambo hilo lilimkaa Thrasos moyoni maisha yake yote. Alipomaliza kuuchonga ule uso mdogo wenye ucheshi, machozi yalimtoka, na akajua kwamba anamwamini.

Basi akaendelea. Alikuwa na utaratibu wake, na hakuuvunja. Kwanza alinawa mikono mpaka kwenye viwiko. Kisha alimwaga divai kidogo kwenye jiwe la meko, akachoma jani moja la mdafina, lile la kiungo lenye harufu, akataja jina la yule anayetaka kumchonga. Na kama alikuwa na hasira na mtu yeyote, hata na paka, patasi hazikuguswa. Alisema mbao inakumbuka hasira ya mchongaji kuliko inavyokumbuka mvua.

Mkewe, Asimina, alikuwa mtu wa kanisa hasa. Alifunga kila mfungo, na jioni hakulala kabla ya kuwasha taa ya mafuta mbele ya picha ya Mama wa Mungu. Siku Thrasos alipomtundika Herme, mama huyu alisimama mbele yake mikono kiunoni, akamkagua juu mpaka chini.

"Kijana mzuri," alisema. "Lakini Juma Kuu hakai hapa akinitazama."

Na kweli, Juma Kuu lilipofika Thrasos alirudi kutoka shambani akamkuta Herme amegeuzwa, uso ukutani. Baada ya Pasaka alikuta amerudishwa. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Kadiri miungu ilivyoongezeka, ndivyo kazi ya kugeuza ilivyoongezeka, na Thrasos aliifanyia mzaha: leo wamewekwa kona, hawakufanya kazi ya shule. Asimina hakucheka sana wala hakununa. Nyumba ilikuwa na nafasi ya wote, ilikuwa na meko, ilikuwa na watu wawili wanaopendana bila kelele. Binti yao Froso alikuwa ameolewa Stuttgart.

Halafu Asimina akaugua, ugonjwa wa tumbo usiokuwa na mzaha. Madaktari walifanya yao. Thrasos naye akafanya yake: akachukua ubao mzuri kuliko wote aliokuwa nao, akamchonga Asklepio mganga, na fimbo yake na nyoka wake. Safari hii hakupumzika, alikula amesimama. Akamtundika chumbani, mbele ya kitanda cha mgonjwa, na akamwomba kama ambavyo hajawahi kuomba kitu kwa yeyote.

Juma Kuu likafika. Asimina alikuwa hawezi tena kuinuka.

"Thrasos," alisema, "wageuze, baba."

Wale wa sebuleni aliwageuza mmoja mmoja. Alipofika kwa Asklepio, mkono ulimkataa. Aliona kwamba mungu yule akigeuza uso, ndiyo basi.

"Huyu mmoja tumwache, mama. Ana kazi."

Asimina alimtazama, akatazama kibao, akasema, "Haya." Akafa Jumatano ya juma hilohilo.

Tangu hapo Thrasos hakuchonga tena. Hakuwa ameapa, ni kwamba kila alipokaa mbele ya meza ya kazi alijikuta ana hasira, na sheria ilikuwa sheria. Wale wa sebuleni aliwarudisha baada ya Pasaka, akawatundika, akawaacha. Na hapo ndipo kitu kingine kilipoanza. Nyuso zilififia. Mbao iliyokuwa iking'aa kama ngozi ya mtu aliyetoka kuoga ikawa ya kijivu, kavu, na mwaka wa pili ufa mwembamba ukampitia Demeta shingoni. Thrasos akajiambia kwamba wameondoka. Walimwangusha kwa Asimina, wakaona haya, wakatoka kwenye mbao zao wakaenda kwao.

Fundi mzima huyo, aliyeshika mbao miaka na miaka! Mtu yeyote wa kijijini angemwambia mbao isiyotunzwa hukauka. Lakini kazi yake yote ya zamani ilifunikwa dhahabu, na hii iliyo tupu alidhani ina mng'ao wake yenyewe, mng'ao wa waliomo ndani. Upweke ulimalizia kilichobaki. Aliendelea kumwaga divai asubuhi na kuchoma jani lake, kama mtu anayepiga simu kwenye nyumba ambayo wenyewe wameshahama. Froso alipopiga Jumapili kumwambia aende kuishi Ujerumani, alijibu, "Nani atabaki na hawa?" kisha akabadilisha mazungumzo, kwa sababu hakuwa na hakika kama kuna mtu wa kubaki naye.

Makaburi ya Kalivaki ni madogo, na ardhi hutakiwa na wengine. Miaka ilipotimia, wakati wa kumtoa Asimina ulifika: kufukua, kuosha mifupa kwa divai, kuitia sandukuni na kuipeleka kwenye chumba cha mifupa ubavuni mwa kanisa, walipo wazazi wake na babu zake. Dada yake, Evanthia, ndiye aliyekuja kusema. Tangu mazishi hakuwa amekanyaga nyumba ile, na hata siku hiyo hakuikanyaga. Alisimama nje ya kizingiti na mkoba ameukumbatia kifuani.

"Shemeji, ni Jumamosi ijayo. Sanduku nimeshaagiza Tripoli. La bati, lina msalaba."

"La bati la nini, shemeji? Nyumba hii imekosa mbao?"

"Haijakosa mbao. Imekosa adabu."

"Nitamtengenezea mwenyewe. Ule mjozi wa baba yenu, uliopigwa na radi, nilihifadhi mbao zake."

Evanthia alilegeza mkoba kifuani, kwa sababu mti ule aliukwea akiwa mtoto. Kisha akakaza uso.

"Na juu utamchonga nani?"

Thrasos alitupa jicho sebuleni, na hilo lilitosha.

"Nisikilize vizuri," alisema Evanthia. "Ukimwekea dada yangu mmoja wa mashetani yako juu ya kifuniko, Baba Lavrentis hasomi hata neno. Nitamtia kwenye bati langu, nimbebe mwenyewe, na wewe utasimama nje ya lango utazame. Na omba sana atoke safi. Akitoka hajayeyuka, kama wanavyotoka waliolaaniwa, nitajua ni nani aliyemzuia huko chini."

Akaondoka. Thrasos alibaki mlangoni. Alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu cha kumfanyia mkewe, na kumbe hata hicho kilikuwa na mlinzi.

Siku ya pili alikwenda mkahawani kwa Zisis. Baba Lavrentis alikuwa mezani anacheza tavli, mchezo wa dadu na kete, na mwenye mkahawa, kanzu nyeusi ameikunja mikono, kahawa yake inapoa.

"Ahaa, Olimpo imeshuka!" alisema Zisis. "Thrasos, mwambie Zeu wako asinyeshe wiki hii, nina zeituni nje."

"Mwambie mwenyewe. Si wewe unayemwita kila ukishindwa tavli?"

"Mimi humwita mama yake."

Watu wakacheka. Thrasos alivuta kiti karibu na padri. "Baba, sanduku la mifupa likiwa la mbao, kuna tatizo?"

Baba Lavrentis alitupa dadu, akazitazama bila furaha. "La mbao, la bati, hata la biskuti, mwanangu. Marehemu mama yangu yumo kwenye sanduku la silaha la babu. Mradi juu yake pasiwe na mtu ambaye si wetu."

"Na ndani?"

"Ndani ni Asimina. Yeye ni wetu." Padri alimwangalia kwa muda, kwa upole. "Unaniuliza nini hasa, Thrasos?"

"Hakuna, Baba. Cheza."

Alirudi nyumbani akachagua mbao. Ilikuwa ya ule mjozi, ya hudhurungi yenye mishipa myeusi, imekaa kivulini miaka mingi, imetulia. Aliukata mwili wa sanduku na kuuunga bila msumari hata mmoja, na hilo lilikuwa rahisi. Kifuniko ndicho kilichomshinda. Alinawa, akamwaga, akachoma, akakaa. Hasira ikaja. Akasimama. Kesho yake vilevile. Alimkasirikia Evanthia, akamkasirikia Asklepio, akawakasirikia madaktari, na chini kabisa, mahali ambapo hakupenda kufika, alijikasirikia mwenyewe kwa lile "tumwache".

Kilichomsaidia ni kitu kidogo. Nje ya dirisha kulikuwa na mkomamanga aliopanda Asimina, na kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Oktoba na hapakuwa na mchumaji, makomamanga yalikuwa yamepasuka mtini. Ndege walikuwa wanakula. Asimina angetoka na ufagio kuwafukuza, akiwatukana kwa majina ya wanasiasa. Thrasos alisikia sauti ile kichwani, akacheka peke yake, na alipomaliza kucheka akaona hasira haipo. Akashika patasi haraka, kabla haijarudi.

Alikusudia kuchonga komamanga tu. Komamanga halina ubaya. Punje zake zinatiwa kwenye koliva, ile ngano ya kuchemsha ya marehemu, na padri mwenyewe huila kwa kijiko. Lakini komamanga lilitaka mkono wa kulishika. Mkono ukataka bega. Na ukishakuwa na mwanamke aliyeshika komamanga, Thrasos alijua ni nani: Persefone, binti wa Demeta, anayeteremshwa chini ya ardhi na kila mwaka hupanda tena juu. Hakuna mwingine ambaye angependa mkewe afuatane naye. Akaacha patasi iende inakotaka. Siku zikapita bila yeye kuzihesabu. Alipofika usoni, hakutumia picha yoyote, hakuhitaji. Jicho la kushoto lililo dogo kidogo kuliko la kulia, mdomo wa mtu anayekaribia kukuambia ukweli wako. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na alifurahi, furaha ya kweli, ya kwanza tangu kile kitanda.

Halafu akakumbuka kesho ni Jumamosi.

Alizunguka meza. Kilikuwa kifuniko kilichofaa, kwa mtu aliyestahili, na hakingepita langoni. Kumpelekea Asimina bati la dukani hakuweza. Kusimama nje ya lango wakati anatolewa, hilo pia hakuweza. Ikabaki njia moja. Alikwenda kabatini akachukua randa, akaukaza wembe, akaiweka juu ya paji la uso wa Persefone. Mara mbili tatu za kusukuma, na ubao ungekuwa laini, mtupu, hauna wa kumkwaza mtu.

Alikuwa bado amesimama hivyo Evanthia alipobisha. Alikuja kuchukua divai ya kuoshea, maana divai nyekundu ya Thrasos ilikuwa safi kuliko ya duka. Alibisha tena, hakujibiwa, na kwa kuwa alikuwa na haraka ya koliva iliyokuwa jikoni kwake, akasukuma mlango akaingia.

"Shemeji, div..."

Aliona randa, akaona uso. Akaketi kwenye kiti cha karibu bila kuambiwa karibu.

"Unafanya nini, wewe mzee?"

"Naondoa."

"Toa mkono wako hapo! Toa!" Alilia kwa sauti kubwa mpaka paka akakimbia. "Huyo ni Asimina!"

"Ni Persefone," alisema Thrasos, kwa kuwa hakujua kusema uongo kuhusu kazi yake.

"Mimi nimelala kitanda kimoja na uso huo mpaka nilipoolewa, halafu wewe unanifundisha ni wa nani?"

Thrasos akaiweka randa chini. Evanthia alijipangusa kwa ncha ya kitambaa cha kichwani, na kwa aibu ya kulia mbele ya mtu asiyezungumza naye, akayazungusha macho ukutani. Ndipo akakunja uso.

"Mbona wamekauka hivi?"

"Wameondoka."

"Nani wameondoka?"

"Wao. Tangu Asimina afe. Hujaona nyuso? Hamna mtu ndani."

Evanthia alimtazama jinsi unavyomtazama mtu aliyevaa viatu kinyume. "Thrasos. Nani anawapaka mafuta?"

"Mafuta gani?"

"Mungu wangu. Hukujua." Alishika paji lake. "Fundi mkubwa, na hukujua. Kila Juma Kuu, wewe ukiwa shambani. Alichota mafuta yaleyale ya taa ya Mama wa Mungu, na kipande cha fulana yako kuukuu. Alimpaka kila mmoja, mbele na nyuma, ndipo akamgeuza. Na mimi ndiye niliyekuwa nashika ngazi."

"Wewe?"

"Nilifumba macho. Lakini nilishika." Aliutazama ukuta tena. "Alikuwa anasema nao. Kila mmoja anamwambia hivi: 'Samahani, bwana mkubwa. Samahani, bibi. Ni siku chache tu. Kuna msiba nyumbani, na ninyi ni wageni.' Msiba wa Kristo, unaelewa? Hakutaka wageni wamwone analia."

Thrasos alitafuta pa kukaa, akaketi kwenye jiwe la meko, pale anapomwagia divai. Kumbe miaka yote ile alipoingia asubuhi akakuta nyuso zinang'aa na moyo ukamjaa imani, alikuwa anatazama mkono wa mkewe.

"Alinitaka nimgeuze yule wa chumbani," alisema hatimaye. "Asklepio. Nikakataa."

"Najua. Aliniambia."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Mwacheni, Thrasos bado anamhitaji huyo.' Kisha akanituma nimpake mafuta, kwa sababu alikuwa mpya na mbao ina kiu. Nikampaka. Nilitubu kwa Baba Lavrentis baadaye, lakini nilimpaka."

Koliva iliungua jikoni kwa Evanthia jioni ile, ikabidi aanze upya, na hakulalamika. Kabla ya kwenda alisimama tena juu ya kifuniko. Aligusa lile jicho dogo kwa kidole.

"Huyu haingii na uso nje," alisema.

"Najua."

"Basi mgeuze. Angekuwa yeye, angefanya nini? Angemgeuza."

Thrasos alihamisha bawaba na kuchimba upya kingo ili kifuniko kikae kinyume, picha ikitazama ndani. Upande uliokuwa mgongo, ambao sasa ulikuwa wa juu, alichonga msalaba mdogo wa kawaida. Maishani mwake alishachonga misalaba isiyo na idadi kwa ajili ya mshahara, na huu ndio wa kwanza aliochonga baada ya kunawa mikono.

Jumamosi walifukua. Wanawake walisimama kimya, maana ndiyo saa ya hofu, hata kwa wasioogopa kitu. Mchimbaji alipofika chini aliweka koleo pembeni akaendelea kwa mikono. Mfupa wa kwanza ukatoka safi kabisa, wa rangi ya nta, kama wanavyotoka waliokwenda kwa amani, na Evanthia akapiga ishara ya msalaba, akaachia pumzi aliyokuwa ameishika miaka yote. Hakumwangalia shemeji yake, lakini alimsogezea beseni la divai, akamwachia na yeye aoshe. Walimpa fuvu limefungwa kwenye kitambaa cheupe. Lilikuwa jepesi. Alilishika kwa namna alivyokuwa akikishika kichwa cha mkewe kilipomuuma, kiganja nyuma ya shingo, na hapo akavunjika kabisa, akalia mbele za watu wote bila kujificha.

Mifupa ikapangwa sandukuni. Baba Lavrentis akakaribia na chetezo, akausifu msalaba, akasema kazi nzuri, kazi safi. Halafu, kwa kuwa si mjinga, na kwa kuwa alikumbuka lile swali la mkahawani, akakiinua kifuniko akachungulia upande wa chini.

Zisis aliyekuja kusaidia kubeba akaanza kukagua viatu vyake.

"Huyu ni nani?" aliuliza padri.

Thrasos alifungua mdomo. Evanthia akamwahi.

"Ni dada yangu, Baba. Umemsahau? Umemkomunisha maisha yake yote."

Baba Lavrentis aliutazama ule uso kwa muda mrefu. "Simsahau," alisema. "Na hilo komamanga?"

"La koliva."

Padri aliangalia kijungu cha koliva mkononi mwa Evanthia, punje nyekundu zimenyunyizwa juu. Akamwangalia Thrasos, macho mekundu, mikono bado ina divai. Kisha akakifunga kifuniko taratibu, akatikisa chetezo, akaanza kusoma. Alisoma yote, hakuruka neno.

Baadaye walikula koliva uani kwa kanisa, wakanywa konyaki ya kumkumbuka marehemu, na kila mtu akaenda kwake. Evanthia alimpa Thrasos mkono langoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi. "Haya, shemeji," alisema, na yeye akasema haya. Akashika njia ya juu, dada mtu akashika ya chini.

Nyumba ilikuwa baridi. Thrasos hakuwasha moto kwanza. Alichukua chupa ya mafuta kutoka chini ya picha ya Mama wa Mungu, mahali ilipokuwa siku zote na yeye hajawahi kujiuliza kwa nini inakwisha haraka. Akapasua fulana kuukuu. Akavuta ngazi, akaanza na Herme. Mbao ilikunywa kwa pupa. Uso ukarudi, lile tabasamu la kijana mwenye njia zake, kisha bundi wa Athena, kisha ndevu za Zeu, unywele kwa unywele. Hakusema kwamba wamerudi. Alijua sasa ni nani aliyekuwa ameondoka.

Mwisho akaingia chumbani na ngazi yake. Kitanda kilikuwa kimetandikwa upande mmoja tu. Asklepio alikuwa amekauka kuliko wote, na nyoka wake alikuwa na ufa. Thrasos alimpaka mbele, akamtoa kwenye msumari, akampaka nyuma, akamshika mikononi kwa muda.

"Samahani, bwana mkubwa," alisema. Akapangusa tone la mafuta kwenye fimbo. "Samahani. Ni siku chache tu. Kuna msiba nyumbani."

Akamtundika uso ukutani, kama alivyoombwa. Kisha akashuka polepole, akitafuta kila kipago kwa mguu, maana hapakuwa na mtu wa kumshikia ngazi.